Sahani ya Noé

"Kula, papa. Muntu hawezi kukimbia na tumbo ya bure."

Maman Kahambu, aliyemwita papa kila kijana, alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Rodelin, mwiko mkononi, bado amevaa vitenge vyake vya kanisani. Kabla Rodelin hajajibu, bonge jingine la ugali lilikuwa limekwisha tua kwenye sahani, likitoa mvuke. Pembeni yake palikuwa na sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa kwa mafuta ya mawese mpaka yakalainika, na juu ya sombe kipande cha makayabu, yule samaki wa chumvi ambaye Wakongo wa Brussels humfuata mtaa wa Matonge hata mvua inyeshe ya mawe. Maman akaishika sahani kwa vidole viwili akaigeuza, upande wenye samaki ukamwelekea Rodelin. Kwenye kidole chake pete ya ndoa ilikuwa imezungushiwa uzi mweusi isimtoke. Kila Jumapili aliigeuza sahani vile vile.

Rodelin alitazama saa ya ukutani. Saa saba ilikuwa imekwisha pita, na mechi ingeanza saa tisa.

"Asante, Maman," akasema, akala.

Jémima, binti wa nyumba, alikuwa ng'ambo ya meza na kitabu chake cha uuguzi. Alimwangalia Rodelin anavyomega na kumeza, akatikisa kichwa.

"Maman, eko na match à trois heures. Umuache basi."

"Njo juu ya ile anakula. Weye unajua nini ya mupira?"

Jémima akarudi kwenye kitabu. Rodelin alimaliza ugali, akamaliza sombe, akamaliza samaki, akapangusa sahani kwa tonge la mwisho kama alivyofundishwa na bibi yake tangu mdogo. Honi ililia chini barabarani. Akachukua mfuko wake wa njumu, akashuka ngazi polepole, mkono mmoja tumboni.

Aliyepiga honi alikuwa Abeid, Mrundi wa Bujumbura, fundi wa breki za tramu siku za kazi na beki wa kulia siku za Jumapili. Wote wawili walikuwa wachezaji wa Linthout, klabu ya daraja la tatu yenye jukwaa moja la mbao na kantini iliyosifika kuliko timu. Tofauti yao ni kwamba Abeid alikuwa na miaka mingi pale, hategemei mpira kwa ugali wake, na Rodelin alikuwa kwenye majaribio.

Rodelin Saintil alikuwa winga. Kazi ya winga ni rahisi kuieleza: unakaa karibu na mstari, unangoja, na mpira ukija unampita aliye mbele yako. Jumanne na Alhamisi, kwenye mazoezi, Rodelin alimpita yeyote aliyewekwa mbele yake, akampita tena akirudi, na wenzake wakaanza kukwepa kuwekwa mbele yake. Jumapili hakumpita mtu. Siku hiyo beki wa wageni alikuwa mzee mwenye kipara, mtu ambaye bila shaka alikuwa na wajukuu, na hata yeye alimnyang'anya mpira bila kutoka jasho. Kila Rodelin alipojaribu kuongeza mwendo, ugali nao ulijaribu, ukashindwa. Mpira ukipotea yeye alibaki amesimama, mikono kiunoni, na Abeid ndiye aliyekimbia kuziba pengo. Wakati wa mapumziko kocha akamwambia avae koti akae.

Kwenye gari, wakirudi, walisimama kwenye taa nyekundu za place Liedts. Abeid akanusa.

"Umekula nini?"

"Nini?"

"Mchana. Kabla ya mechi. Gari langu linanuka makayabu tangu saa nane."

Rodelin akamwambia. Abeid akageuka mzima mzima, taa ikawa kijani, aliye nyuma akapiga honi, Abeid asijali.

"Ugali? Na sombe? Bwana, kila Jumapili?"

"Kila Jumapili."

"Na mimi nakimbia kama mbwa huku nyuma nikidhani unaogopa watu! Kocha Wauters naye anadhani unaogopa watu. Écoute, sikiliza. Mwezi wa Ramadhani mimi nacheza tangu alfajiri sijatia hata maji mdomoni, na napanda na kushuka. Wewe unacheza kama mja mzito." Akaondoa gari. "Mwambie mama wa watu hapana. Neno moja. Hapana."

"Siwezi."

"Huwezi kwa nini?"

Rodelin alitazama nje, maduka ya Waturuki yaliyofungwa nusu, wanaume wamesimama mlangoni mwa mkahawa. Hakujua aanzie wapi.

Angeanzia kwa bibi yake, labda. Alilelewa na bibi huko Les Cayes, kusini ya Haiti, kwenye ua wa nyumba nne ambako kila Jumapili sahani zilivuka kutoka mlango hadi mlango zimefunikwa kitambaa. Hakuna aliyeuliza kama una njaa. Sahani ikija, unapokea, unakula, unairudisha imeoshwa. Bibi alikuwa na msemo wake: anayekataa chakula amekataa mkono. Rodelin aliyaamini mambo machache duniani, na hilo lilikuwa mojawapo. Padri mmoja Mbelgiji, aliyefundisha Butembo huko Kongo kabla ya kupelekwa Haiti, alipomwona akicheza, akampigia simu rafiki yake kocha, kisha akamtafutia chumba kwa mama mmoja wa Kivu aliyemfahamu tangu zamani. Rodelin alifika Schaerbeek, mtaa wa Brussels, akapanda ngazi, akafunguliwa mlango na mwanamke mfupi asiyecheka, na kabla hajatua mfuko wake sahani ilikuwa mezani. Akajisikia nyumbani. Hilo ndilo lililomponza.

Na angemweleza Abeid jambo jingine, la kuchekesha kama lisingekuwa la kuumiza. Jumapili ya kwanza aliyotolewa uwanjani, Maman alimuuliza imekuwaje, naye akajibu kweli, kwa Kifaransa na kile Kiswahili alichokiokota pale mezani, kwamba kocha anasema anachoka upesi, baada ya nusu saa tu miguu inakuwa mizito.

"Après une demi-heure?" Maman alipiga makofi mara moja, kwa huzuni. "Si nilisema? Ni njala! Uko mukondo kama fito, papa. Dimanche itakuya nitaongeza."

Jumapili iliyofuata akaongeza. Rodelin akacheza vibaya zaidi, Maman akasikia, akaongeza tena. Hakuna mtu duniani ambaye angeweza kumshawishi Maman Kahambu kwamba kijana anaweza kushindwa kazi kwa sababu ya shibe.

Jumanne, baada ya mazoezi, kocha Wauters alimwita pembeni. Alikuwa Mflemi, Mbelgiji wa kaskazini, mrefu, mwenye Kifaransa kifupi.

"Jumapili rais wa klabu anakuja kukutazama. Baada ya hapo ni ndiyo au hapana. Siwezi kungoja tena, mwezi unakwisha, na viza yako inakwisha na mwezi. Mimi nakuona Jumanne na Alhamisi. Yeye atakuona Jumapili. Unanielewa?"

"Ndiyo, monsieur."

"Kama ni woga, utupe."

Rodelin alielewa vizuri kuliko kocha alivyodhani. Akirudi Les Cayes bila mkataba hakuna atakayemtafuta mara ya pili. Mawinga wenye mbio huko ni wengi kama kuku, na padri amekwisha zeeka. Alikuwa anautaka mkataba ule mpaka usiku meno yanamuuma. Akakata shauri: atamwambia Maman.

Ijumaa jioni alimkuta jikoni. Maman alikuwa ametoka kazini, kwenye yale maghorofa ya ofisi karibu na kituo cha treni cha Gare du Nord ambako yeye na wanawake wenzake walisafisha kabla wenye ofisi hawajaamka na tena baada ya kuondoka. Alikuwa akichambua majani ya muhogo, akitoa vikonyo, na redio ndogo juu ya friji ilikuwa ikisema Kifaransa. Rodelin alisikia jina la Goma, kisha jina la Bukavu. Maman akaacha kuchambua. Alisimama hivyo, jani moja mkononi, mpaka habari zikaisha na muziki ukaanza. Halafu akaendelea.

"Ulikuwa unataka kitu, papa?"

"Hapana, Maman. Nilikuwa nasalimia tu."

Alitoka akakaa kwenye ngazi za nje ya mlango. Jémima alimkuta hapo akirudi kutoka shuleni, akakaa ngazi ya juu yake, mkoba magotini.

"Umeshindwa kumuambia."

"Umejuaje?"

"Abeid alinipigia. Alisema nikusaidie, ao atakuya kukufunga kamba siku ya dimanche." Hakucheka. "Bon. Kuko kitu haujue. Ile sahani si yako. Ni ya Noé."

Noé alikuwa kaka yake. Rodelin alikuwa ameiona picha yake juu ya kabati, kijana mwenye miwani na shati la shule, na alijua kwamba anasoma Bukavu na hajapata viza ya kumfuata mama yake. Zaidi ya hapo hakuuliza, kwa sababu hakuna aliyezungumza.

"Tangu Bukavu ilianguka mu vita, téléphone haipite," Jémima akasema. "Hatujue kama eko mu camp, ao mu pori, ao... hatujue. Maman alisimama ku kanisa mbele ya bamaman bote. Akasema: miye nikilisha mutoto wa muntu huku, kule nako kuko maman mwenye kulisha wangu. Donc ukikula, yeye anaona Noé anakula. Anakugeuziaka sahani, si unaona? Noé anaachaka samaki ya mwisho, halafu anashiba, anamuacha. Njo maana anamuwekeaka mbele."

Chini mlango mkuu ulifunguliwa, baridi ikapanda ngazi, ukafungwa.

"Na yeye mwenyewe? Sijamwona akikaa mezani."

"Anakunywaka chai. Anasema hana njaa."

Alitamani asingeambiwa. Siku chache zilizopita ulikuwa ni ugali tu.

Jumapili mvua ilinyesha asubuhi, ikaacha. Maman alirudi kutoka misa, akavua koti, akafunga kitenge cha jikoni juu ya kile cha kanisani. Rodelin alikaa chumbani akisikiliza mwiko ukigonga sufuria. Alikuwa amekula mkate na ndizi saa nne, peke yake, kwa kificho, katika nyumba ambayo hakuna aliyekula kwa kificho. Alipoitwa alitoka, akasimama nyuma ya kiti chake badala ya kukaa.

Sahani ilikuwa pale. Maman alikuwa ameongeza tena.

"Maman, leo sitakula kabla ya mechi. Nikila nashindwa kukimbia. Si njaa iliyokuwa inanichosha, ni shibe. Nilipaswa kukuambia mapema. Nitakula nikirudi, yote, naahidi."

Jémima, aliyekuwa akimimina maji, akaacha kumimina.

"Hautakula," Maman akasema. Hakuuliza.

"Nitakula jioni."

"Jioni ni jioni."

"Maman, leo ndiyo wanaamua. Nikishindwa leo narudi Haiti."

Maman Kahambu alimtazama. Uso wake haukuwa na hasira, na Rodelin angependelea hasira. Kisha akasema "Bon", akachukua sahani nyingine kabatini, akaifunika ile ya chakula. Kabla ya kuifunika aliigeuza, upande wenye samaki ukakielekea kiti kitupu.

Honi ililia. Rodelin akashuka ngazi mbio, mwepesi, na kwa mara ya kwanza tangu afike Ulaya alijiona mwizi.

"Umemwambia?" Abeid akauliza.

"Nimemwambia."

"Amesemaje?"

"Twende."

Kipindi cha kwanza alicheza upande wa mbali, ng'ambo ya jukwaa, ambako hakukuwa na mtu ila uzio na bustani za mboga za wastaafu. Miguu yake ilikuwa ya Jumanne. Aliupokea mpira wa kwanza, akageuka, beki akabaki akitazama mgongo wake, na krosi ikapita mbele ya lango bila mtu wa kuigusa. Akafanya tena. Beki alikuwa kijana mwenye nguvu, mwekundu masikio, na kabla ya nusu saa alikuwa amekwisha mvuta jezi na kuonyeshwa kadi. Abeid, nyuma, alipiga kelele za furaha kwa Kirundi. Lakini kila mpira ulipotoka nje na Rodelin akasimama kungoja urushwe, aliiona ile sahani iliyofunikwa, na kile kiti. Mara mbili alipewa nafasi ya kupiga mwenyewe, na mara zote mbili alipiga juu, kama mtu anayetaka shughuli ziishe arudi nyumbani. Mapumziko yalifika bila bao. Wauters alimpita bila neno, akamgonga bega.

Kipindi cha pili timu zilibadilisha magoli, na winga wa kulia wa Linthout sasa alikimbia chini ya jukwaa, karibu kabisa na watu, kiasi cha kusikia mtu akifungua chupa. Rais wa klabu, mwuza vigae, alikuwa katikati ya safu ya juu, mikono mifukoni. Rodelin alimtazama mara moja tu. Alipogeuza macho ndipo alipomwona Maman Kahambu.

Alikuwa ameingia kwa lango la pembeni. Mlinzi hakumuuliza tiketi, maana mama aliyevaa vile, na kubeba kifurushi vile, haulizwi. Alikuja moja kwa moja hadi kwenye benchi la chini kabisa, lile lililolowa mvua ambalo hakuna aliyelikalia, akakaa, akaweka magotini sahani mbili zilizofungwa pamoja kwa kitenge, fundo juu. Kati yake na mstari palikuwa na reli ya chuma tu.

Mpira ulikuwa umekwenda kona upande wa pili. Rodelin akasogea.

"Maman! Unafanya nini hapa?"

"Nilileta chakula."

"Maman, nipo kazini!"

"Naona. Fanya kazi." Akajifunika koti vizuri. "Sahani haiwezi kubakia ku meza na mwenyewe hayuko. Utakula ukimaliza. Miye niko nangoja."

"Umekuja na tramu? Peke yako?"

"Tramu iko na ubaya gani? Angalia mupira wako, papa, banakuita."

Mshika kibendera alikuja, akasema "Madame, s'il vous plaît" kwa adabu sana, ingawa hakuna kosa alilofanya Madame isipokuwa kuzungumza. Abeid kutoka nyuma alipaza sauti: "Rodé! Mama atakuwepo, mpira hautakuwepo!" Watu wachache jukwaani wakacheka. Rodelin naye akacheka, akashangaa kujisikia anacheka. Sahani haikuwa mezani. Ilikuwa hapa, ikimngoja, na Maman anaishikilia.

Ilibaki kama robo saa. Abeid alinyang'anya mpira katikati ya miguu ya watu watatu, akautoa mbele bila kutazama, kwa kuwa alijua Rodelin yuko wapi. Winga mzuri yuko daima pale pale, mstarini. Rodelin aliutuliza karibu kabisa na benchi la Maman. Beki mwenye masikio mekundu akaja, safari hii kwa uangalifu, akiziba njia ya ndani. Nje palibaki nafasi ya mguu mmoja kati yake na chokaa. Rodelin alijifanya anaingia ndani, bega likaenda, macho yakaenda, beki akaenda navyo, na yeye akaupeleka mpira nje, juu ya chokaa yenyewe, akaufuata. Hapakuwa na kitu tumboni cha kumrudisha nyuma. Alifika mwisho wa uwanja, akainua kichwa, akaupiga chini, wa nguvu, katikati ya kipa na mabeki, na mshambuliaji wao Bertin, jitu lisilojua kupiga chenga lakini lenye mguu mahali panapotakiwa, akauweka wavuni.

Jukwaa la mbao liliruka. Wenzake walimrukia. Alipofanikiwa kutoa kichwa chake nje ya mikono yao alitazama benchi la chini. Watu wote walikuwa wamesimama wakipiga kelele na kusukumana, isipokuwa Maman Kahambu, aliyekuwa amekaa, ameinama, mikono yote miwili juu ya kifurushi, asije mlevi akamwaga chakula cha mtoto.

Ilikwisha bao moja kwa bila. Taa za uwanja zilikuwa zimekwisha washwa, na giza la Novemba lilikuwa limefika hadi kwenye bustani za mboga. Watu waliteremka kwenda kantini. Rodelin hakwenda kuoga. Aliruka reli, akakaa kwenye benchi lililolowa, matope mpaka magotini, jezi ikitoa mvuke.

"Nawa," Maman akasema.

Rodelin alikinga mikono. Maman akachukua chupa ya maji ya wachezaji iliyoachwa chini, akammiminia polepole, kwanza mkono wa kulia. Kisha akafungua fundo, akaondoa sahani ya juu.

Ugali ulikuwa umepoa, umefanya ngozi. Mafuta ya sombe yalikuwa yameganda pembeni. Rodelin alimega, akafinyanga, akachovya, akala. Alikuwa na njaa kweli kweli, njaa ya kukimbia, na chakula kile cha baridi kilikuwa kitamu kuliko Jumapili zote zilizopita. Maman alilifuata kila tonge kwa macho kutoka sahani hadi mdomoni.

Abeid alikuja, taulo shingoni.

"Wanakuita juu, ofisini. Rais na Wauters. Karatasi ziko mezani, kalamu iko mezani. Na rais anacheka, bwana. Yule hacheki hata harusini." Akaona sahani, akamwona mama, akashusha sauti. "Shikamoo, maman."

"Marahaba, mutoto yangu."

"Waambie nakula," Rodelin akasema.

"Niwaambie nini?"

"Kwamba nakula. Nikimaliza nakuja."

Abeid akageuka, akaenda.

"Enda, papa," Maman akasema. "Bazungu habangojake."

"Watangoja."

Aliendelea kula, lakini sasa polepole. Karibu hivi, chini ya taa kali za uwanja, aliiona mikono ya Maman kama hakuwahi kuiona jikoni. Mifupa ya viganja ilikuwa imejichora juu ya ngozi. Uzi mweusi kwenye pete ulikuwa umezungushwa upya, safu juu ya safu, na bado pete ilicheza kidoleni. Alikumbuka chai. Alikumbuka kwamba katika miezi yote ile hajawahi kuona sahani ya pili mezani kwake.

Samaki alikuwa bado mzima. Rodelin alikuwa amekula yote yaliyomzunguka bila kumgusa, na sasa Maman alikuwa akimtazama yule samaki.

"Kula samaki," akasema, sauti ndogo. "Usimuache wa mwisho."

Rodelin akaweka tonge chini.

"Maman. Yule mama wa kule. Anayemlisha Noé."

Maman Kahambu akaificha mikono chini ya kitenge.

"Naye anakula?" Rodelin akauliza.

Juu, mlango wa ofisi ulifunguliwa, mwanga ukamwagika kwenye ngazi za chuma. "Saintil!" Wauters aliita. "Saintil! Tunakungoja!"

Rodelin hakugeuka. Aliishika sahani kwa vidole viwili, akaigeuza juu ya magoti ya Maman, taratibu, mpaka upande wenye samaki ukamwelekea yeye mwenyewe aliyempika. Kisha akachukua chupa. Maji yalikuwa yamebaki kidogo chini. Akaiinua, akangoja.

Wauters aliita tena. Maman Kahambu aliitazama sahani, akatazama uwanja uliobaki mtupu, mistari ya chokaa iliyofutwa nusu na viatu. Halafu mikono yake ikatoka chini ya kitenge, mmoja baada ya mwingine, akaikinga.

Rodelin akammiminia.